Masikio Yakififia, Nyumba Ikizunguka: Namna ya Kuishi na Maradhi ya Sikio la Ndani

Mjukuu akimwamkia babu na babu asiitikie, watu husema mzee amenuna. Akiamkiwa tena akaitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi, husemwa amekuwa mkali siku hizi. Baada ya miezi michache anaacha kwenda kwenye vikao vya ukoo, anashinda barazani peke yake, na kila mtu nyumbani ana sababu yake: uzee, kiburi, pengine ule ugomvi wa shamba ambao haukuamuliwa. Nyumba ya pili kuna mama aliyegeuka kitandani alfajiri, dari ikaanza kuzunguka, akatapika hadi akaishiwa nguvu. Zahanati walimpima presha na malaria, akarudi na vidonge, na wiki iliyofuata dari ikazunguka tena.

Huenda hawa wawili wanaumwa kiungo kimoja, ambacho hakuna aliyekitaja. Maradhi mengi ya sikio la ndani yana la kufanywa, na machache kati yake hayasubiri hata wiki mbili. Kinachowaumiza watu wetu ni kuyapa majina ya magonjwa mengine na kupoteza muda huko.

Sikio la ndani limefichwa ndani ya mfupa wa fuvu, nyuma ya ngoma ya sikio, na lina kazi mbili. Sehemu moja ni koklea, mrija uliojisokota kama kombe la konokono, wenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000 zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa za neva. Tunazaliwa nazo zote. Ikifa moja, kwa binadamu haioti nyingine. Sehemu ya pili ni mifereji mitatu midogo yenye majimaji pamoja na vifuko viwili vyenye vijiwe vya chokaa visivyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo inayouarifu ubongo kwamba kichwa kimegeuka, kimeinama, au daladala limefunga breki. Sehemu hizi mbili zina majimaji yaleyale na taarifa zake hupita kwenye neva moja, ndiyo maana mtu anaweza kupata uziwi na kizunguzungu kwa pamoja.

Imechukua muda mrefu hata madaktari kulikubali hilo. Hadi katikati ya karne ya 19, mtu aliyepatwa na kizunguzungu kikali Ulaya alihesabiwa kuwa na damu nyingi kichwani, na akatolewa damu. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Prosper Ménière alieleza mbele ya Chuo cha Tiba cha Paris kwamba chanzo kinaweza kuwa sikio. Miongo kadhaa baadaye Robert Bárány, daktari wa Vienna, aligundua kwamba wagonjwa anaowasafisha masikio kwa maji ya baridi au ya moto sana hupata kizunguzungu, kwa sababu joto au baridi huyasukuma majimaji ya ile mifereji. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya 1914. Na mpaka leo, ukisafishwa masikio kliniki, maji yanatakiwa yawe na joto la mwili. Una haki ya kuuliza kabla hayajaingia.

Kizunguzungu chako ni cha aina gani?

Neno letu moja hubeba mambo mengi. Kuna kusimama ghafla macho yakaingia giza na magoti yakalegea: hapo fikiria presha kushuka, upungufu wa damu, njaa, kukosa maji mwilini. Halafu kuna kile ambacho nyumba yenyewe inazunguka, au wewe mwenyewe unazunguka ilhali umekaa. Hiki cha pili ndicho hasa kinachotoka sikioni, na swali linalofunua mengi kuliko vipimo vingi vya mashine ni hili: kinakaa muda gani?

Kikikaa sekunde chache, chini ya dakika moja, na kikija unapogeuka kitandani, unapoinua uso kuanika nguo kwenye kamba, unapoinama kufagia, au unapokwenda sijda, yaelekea vile vijiwe vya chokaa vimebanduka mahali pake na kutumbukia kwenye mfereji mmoja. Kila kichwa kikisogea navyo vinasogea, ubongo unadanganywa kwamba unazunguka. Hiki ndicho kizunguzungu kinachowapata watu wengi zaidi, hasa waliovuka miaka 50 au waliowahi kugongwa kichwa. Hakiui, hakileti uziwi, na mara nyingi hutibika kitandani bila kidonge hata kimoja.

Tiba yake ni mpangilio wa kugeuza kichwa uliotangazwa na daktari Mmarekani John Epley mwaka 1992. Mara ya kwanza ufanyiwe na mtaalamu, kwani lazima athibitishe ni sikio la upande gani, na wenye maradhi ya shingo au ya mishipa ya shingo hawafai kuujaribu wenyewe. Tuseme tatizo ni la kulia, yaani kizunguzungu kinakuja ukilala huku umegeukia kulia. Unakaa kitandani miguu umeinyoosha, mto uko nyuma yako mahali mabega yatakapofikia. Unageuza uso kulia, nusu ya safari ya kufika begani, kisha unalala chali kwa haraka, mto uwe chini ya mabega na kichwa kilegee nyuma kidogo, bado kimetazama kulia. Dunia itazunguka, ivumilie. Subiri nusu dakika au hadi itulie. Bila kuinua kichwa, kigeuze mpaka kitazame kushoto kwa kiasi kilekile, usubiri tena. Sasa pindua mwili wote ulalie ubavu wa kushoto, uso ukitazama chini kuelekea godoro, usubiri. Mwishowe shusha miguu upande huohuo, uketi polepole, na ubaki umekaa dakika chache. Kwa sikio la kushoto, geuza kila hatua. Mtu mwingine awepo karibu, na beseni liwepo pia.

Wengi hupona kwa mara moja au chache. Tatizo linaweza kurudi baada ya miezi au miaka, na hapo mgonjwa tayari anajua la kufanya. Kwa anayeswali, mpaka litulie anaruhusiwa kuswali ameketi, na hana haja ya kulazimisha kusujudu akaangukia kwenye sakafu.

Kizunguzungu kikikaa saa, kuanzia dakika 20 hadi saa 12, kikatanguliwa na sikio moja kujaa, likavuma, usikivu wake ukashuka kisha ukapanda tena, huo ni mwelekeo wa ugonjwa uliopewa jina la Ménière. Majimaji ya sikio la ndani huzidi kiwango chake. Unakuja kwa vipindi, unaachia, unarudi, na usikivu unaweza kupungua kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita. Wagonjwa hushauriwa kupunguza chumvi, na kwetu hilo lina maana ya ng'onda, chumvi ya mezani na zile pakiti za viungo vya supu. Dawa zipo: betahistini hutolewa sana, ingawa ushahidi wa nguvu yake ni wa kubishaniwa, na kwa waliozidiwa kuna sindano za kupitia ngoma ya sikio. Vipindi vinaweza pia kutokana na kipandauso. Mwenye kichwa kinachouma upande mmoja, anayesumbuliwa na mwanga na kelele, amwambie daktari hayo yote hata kama siku ya kizunguzungu kichwa hakikuuma.

Kikikaa siku nzima mfululizo, mbili, tatu, kikali kiasi cha kushindwa kutembea bila kushikilia ukuta, mara nyingi neva ya mizani ya upande mmoja imepata uvimbe, aghalabu kutokana na virusi. Dawa za kutuliza kama sinarizini na promethazini husaidia siku za mwanzo. Hapa nasisitiza, kwa sababu wengi hukosea: baada ya siku mbili tatu ziachwe. Ubongo una uwezo wa kujifunza upya mizani kwa kutegemea sikio zima, lakini haujifunzi ukiwa umelazwa usingizi na vidonge. Nimekutana na watu wanaomeza sinarizini mwaka wa tatu sasa, wanayumba kila siku, na hakuna aliyewahi kuwaambia waache.

Kinachoponya ni mazoezi. Shika kadi yenye herufi moja kubwa mbele ya uso, ikazie macho, kisha geuza kichwa kulia na kushoto kama anayekataa jambo, herufi ibaki wazi. Dakika moja, mara kadhaa kwa siku. Baadaye fanya hivyo umesimama, kisha ukitembea. Simama mguu mmoja mbele ya mwingine karibu na meza. Tembea ukumbini ukigeuza kichwa. Yataleta kizunguzungu kidogo mwanzoni, na hicho kidogo ndicho kinachoufundisha ubongo. Kulala kitandani wiki nzima kunachelewesha kupona.

Kabla ya kuamua kwamba ni sikio, hakikisha si kiharusi. Kizunguzungu kinachoandamana na uso kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kukosa nguvu, kumeza kwa shida, kichwa kuuma vibaya ghafla, au kushindwa kabisa kusimama, ni cha kukimbiza hospitali saa hiyohiyo. Usimkande mgonjwa, usimsubirishe mpaka asubuhi.

Uziwi wa ghafla hausubiri

Mtu anaamka sikio moja halisikii, au linasikia kwa mbali, pengine likivuma. Anadhani ni nta, au mafua, au maji ya kuoga. Anasubiri. Ikiwa neva ndiyo iliyoathirika, dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, zinaweza kurudisha usikivu, lakini matumaini ni makubwa zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza, na kila siku inayopita inapunguza. Kuna jaribio dogo la nyumbani: funga mdomo uvume "mmmm" kwa sauti nzito. Ukisikia mvumo unaelekea kwenye sikio lililoziba, huenda ni nta au majimaji ya sikio la kati. Ukielekea kwenye sikio zima, shuku neva. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kipimo, ila likikuelekeza kwenye neva, usikubali kutibiwa kwa matone ya sikio peke yake. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo.

Ziko pia dawa zinazoharibu sikio. Gentamisini, streptomisini, amikasini na kanamisini zinaokoa maisha, lakini zinaweza kuua seli za kusikia, za mizani, au zote. Ndivyo zilivyo baadhi ya dawa za saratani kama sisplatini. Kwinini huleta mvumo masikioni ambao kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliumia sana kwa sindano hizi, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kanamisini na kapreomisini zisitumike tena, tiba ya vidonge ichukue nafasi. Ukiwa kwenye sindano za namna hii na masikio yakaanza kuvuma, au ukaanza kuyumba gizani, mwambie muuguzi kabla ya dozi inayofuata. Usiache dawa kimyakimya.

Aliyepoteza mizani ya masikio yote mawili huishi na jambo ambalo si rahisi kulieleza kwa wengine: akitembea, maandishi ya mabango yanarukaruka, na umeme ukikatika hajui aweke mguu wapi. Majirani humdhania amelewa. Huyo awe na tochi wakati wote, fimbo, viatu vyenye soli ngumu na nyembamba vinavyomwezesha kuhisi ardhi. Na kwa watu wa pwani, tafadhali: asipige mbizi wala kuogelea peke yake. Chini ya maji mizani ya sikio ikikosekana, mtu anaweza kushindwa kujua juu ni wapi. Wakwezi wa minazi, mafundi wa paa na madereva wa bodaboda wanaopata vipindi vya kizunguzungu wasimame kazi hiyo hadi wathibitishiwe kuwa wametulia.

Sikio lisilosikia vizuri nyumbani mwako

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, linahesabu watu zaidi ya bilioni 1.5 wenye upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji msaada. Ripoti hiyohiyo inasema asilimia 78 hivi ya nchi maskini zina daktari chini ya mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Kwa hiyo kinga ya nyumbani ina uzito. Sikio la mtoto linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili si la kumwagiwa mafuta ya moto, maziwa ya mama au maji ya majani. Linakaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, linazuiliwa maji, na linapelekwa kituo cha afya kupata matone ya dawa. Chanjo za surua na rubela zikamilike. Njiti ya kibiriti, ufunguo na unyoya wa kuku visiingie sikioni. Na kazini au kwenye ngoma, kama huna budi kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono wako, kelele hiyo inaumiza. Desibeli 85 zinavumilika saa 8. Zikifika 100, robo saa inatosha kuleta madhara. Fundi wa kuchomelea, mwendesha mashine ya kusaga na kondakta wa matatu wanastahili vizibo vya masikio sawa na anavyostahili rubani.

Kwa ambaye usikivu umeshapungua, kifaa cha kusaidia kusikia, wengine huita shime sikio, kinatakiwa kirekebishwe kwa kufuata kipimo chake mwenyewe. Vile vinavyouzwa mitaani bila kipimo hupandisha kila sauti kwa pamoja, vyombo vya jikoni na honi pamoja na maneno, na mzee anavitupa kabatini baada ya siku tatu. Hata kilichorekebishwa vizuri kinachosha mwanzoni. Sauti yako mwenyewe inakuwa ngeni. Anza kwa saa chache chumbani penye utulivu, na mtu mmoja wa kuzungumza naye, uongeze kila siku. Sokoni na harusini ni kwa baadaye. Kikipiga mluzi, ama hakijakaa vizuri ama sikio lina nta.

Kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa adui mkubwa wa kifaa hiki ni jasho. Kila usiku kifutwe kwa kitambaa kikavu, mlango wa betri uachwe wazi, kilale kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Betri ndogo za zinki hufanya kazi kwa hewa: bandua karatasi ya rangi, subiri dakika moja au zaidi, ndipo uiweke. Rangi ya karatasi ni saizi, njano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, bluu ni 675, kwa hiyo huhitaji kukariri namba dukani. Zifichwe watoto wasizifikie, maana betri iliyomezwa ni dharura.

Kifaa hakitoshi kama waliomo nyumbani hawajabadili namna ya kusema. Upungufu wa uzeeni na wa kelele huanza kwa sauti nyembamba, za s, f, t na sh. Babu anasikia kwamba unaongea, ila amefika na amepika, taa na saa, vinamchanganya. Kupiga kelele hakusaidii. Kunapindisha midomo na kumfanya aonekane anagombezwa. Mwite kwa jina, au mguse bega kwa heshima, mpaka akutazame. Simama mahali mwanga unaangukia usoni pako, usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo. Zima redio. Asipoelewa, sema jambo hilohilo kwa maneno mengine badala ya kulirudia neno kwa neno. Bei na namba zionyeshe kwa vidole au uziandike kwenye simu. Na akiuliza watu wanacheka nini, mwambie. Ile "achana nayo, si muhimu" tunayoitoa kirahisi ndiyo inayomwondoa mtu kwenye baraza.

Mtoto ni habari ya haraka zaidi. Asiyeshtuka kwa kishindo, asiyegeukia sauti akiwa na miezi 6 au asiyetamka neno akiwa na mwaka mmoja na nusu, apimwe usikivu badala ya kusubiriwa. Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza koklea mwaka 2017, huduma ambayo kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Upandikizaji una faida kubwa ukifanyika mapema, na unafuatiwa na mafunzo ya kusema ya miaka. Lugha ya alama nayo haimzuii mtoto kujifunza kusema. Inampa lugha wakati akili yake inaihitaji zaidi. Kenya imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya katika Katiba ya 2010 kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, na Dar es Salaam wazazi wengi wanaijua Shule ya Buguruni Viziwi. Familia nzima ijifunze, shangazi na binamu pia, mtoto asibaki anazungumza na mama yake tu.

Ukienda kliniki, beba karatasi uliyoandika: kizunguzungu kilianza lini, kinakaa muda gani, kinaletwa na nini, sikio gani linavuma, na dawa zote unazotumia pamoja na za miti shamba. Kama kinakuja kwa vipindi, mwombe mtu akurekodi macho kwa simu wakati kimekushika, kwa kuwa macho huchezacheza kwa namna inayomwonyesha daktari sikio gani na mfereji gani. Kwa mwenye usikivu mdogo, mwombe daktari ashushe barakoa au aandike, na usiondoke bila nakala ya kipimo chako cha usikivu. Ifungie kwenye kadi ya kliniki. Mwaka ujao italinganishwa na mpya.